Marehemu Anakula Chapati

Wiki iliyopita tulimwacha Mugambi mezani, chapati mkononi, akisomewa barua iliyosema kwamba yeye Mugambi amekufa.

Si kwamba anaumwa. Si kwamba hajulikani alipo. Amekufa, tena tangu mwaka 2009, na Mfuko wa Pensheni wa Thornycombe ulikuwa unampa Peninah pole nyingi kwa msiba huo.

Mugambi alimaliza kutafuna kwanza. Ni mtu asiyezungumza na chakula mdomoni, hata siku aliyojifia mwenyewe.

"Soma tena," akasema.

Peninah akasoma tena. Barua haikubadilika. Ilisema kwamba ombi lake la kumwandikisha mwenzi wake, ili apate pensheni endapo yeye atatangulia, limekataliwa, kwa kuwa ushahidi alioleta yeye mwenyewe unaonyesha mwenzi huyo alishafariki. Chini kulikuwa na namba ya simu ya washauri wa waliofiwa.

"Miaka kumi na sita," akasema Mugambi. "Na council tax, kodi ya kaunsili, bado wananidai."

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwenye kiti cha saluni, nikueleze upesi. Peninah ni muuguzi katika nyumba ya wazee ya Thornycombe, pale Edgbaston, mwaka wa thelathini na mbili huu. Mugambi ni fundi makochi, karakana yake iko nyuma ya nyumba yao Bordesley Green. Wameishi pamoja miaka ishirini na miwili. Mugambi alizaliwa Meru akapewa jina la kike, akakua akijua kuna kosa limefanyika, na mwaka 2009 akalirekebisha hapa hapa Birmingham kwa daktari, kwa hati ya jina na kwa wembe wa ndevu.

Jina la zamani silitaji. Mmeniandikia mkiliuliza, wengine mara mbili, na mama mmoja wa Coventry ameniahidi samosa. Mwenyewe halipendi, na mimi kila wiki nakula kwa mgongo wake, kwa hiyo nyamazeni.

Sasa hatari yenyewe. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Alhamisi iliyofuata Peninah alikuwa anafanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari alimwambia kwamba kati ya wagonjwa mia, tisini na saba hutoka salama. Lakini Peninah maisha yake yote amewauguza wale watatu, kwa hiyo hesabu hiyo haikumpa usingizi. Akiingia chumba cha upasuaji kabla mfuko haujamkubali Mugambi, halafu asitoke, Mugambi hapati kitu. Benki bado ina sehemu yake kwenye ile nyumba, na sehemu ya benki hailipiki kwa makochi.

Mmeuliza pia mbona hawaoani wakamaliza. Miaka ya mwanzo sheria haikuwaruhusu. Ilipowaruhusu, Peninah akasema yeye alishaolewa mbele ya Mungu jikoni kwake, haendi kuomba ruhusa kwa kaunsili, hao halmashauri ya mji. Juzi alipolegeza kamba, kaunsili wakamwambia notisi ni siku ishirini na nane, isipokuwa kwa mtu mahututi. Na daktari amekataa katakata kuandika kwamba Peninah ni mahututi. Ndivyo alivyo dada yetu, mzima mno kwa ndoa ya haraka na mgonjwa mno kwa kungoja.

"Wewe uliwapelekea ushahidi gani?" Mugambi akauliza.

Peninah akaenda kabatini. Mfuko ulitaka karatasi ya taasisi inayoonyesha kwamba wameishi pamoja muda mrefu. Bili ya umeme ina jina lake peke yake, bili ya maji ina jina la Mugambi peke yake. Karatasi pekee yenye majina yote mawili kwenye anwani moja ilikuwa daftari la Chama cha Kufaana, ule umoja wa Wakenya wa Birmingham wa kusaidiana kwenye shida. Alilitoa kopi lote, kurasa zote, bila kulisoma, kwa sababu mwandiko wa katibu Barnabas unachosha macho.

Sasa akalisoma. Safu ya akina mama, mstari wa tisa. Lile jina la zamani limepigwa mstari wa kijani, ulionyooka, wa rula. Pembeni yake neno moja: Amefariki. Na sahihi ya Barnabas.

"Chukua koti," akasema Peninah.

Barnabas anaishi mitaa miwili kutoka kwao. Ni dereva wa basi la wagonjwa, na Ijumaa huwa mapumzikoni. Amekuwa katibu wa chama kwa miaka ishirini bila kupoteza karatasi hata moja wala kalamu hata moja. Aliwafungulia kwa furaha, akawakalisha kwenye kochi ambalo Mugambi mwenyewe alilishona, akauliza watakunywa chai au maji.

"Marehemu hanywi chai," akasema Mugambi.

Peninah akamwekea daftari magotini. Barnabas akavaa miwani, akasoma, na sura yake ikaonyesha kwamba haoni kosa liko wapi.

"Lakini Mugambi, si wewe ulikuja kwangu? Ukaniambia, Katibu, nitoe kwa akina mama uniweke kwa wazee. Nikafungua katiba. Katiba inasema mtu anatoka kwenye safu kwa njia tatu: kuhama, kufukuzwa, kufariki. Kuhama, hukuhama, uko Bordesley Green mpaka wa leo. Kufukuzwa, ulikuwa umekosa nini? Nikakaa na hiyo katiba siku mbili. Nikaona nikupe ile yenye heshima."

"Ukaniua."

"Nilikuhamisha. Angalia page ya wazee, mstari wa thelathini na moja: Mugambi, member mpya. Hata joining fee, ada ya kuingia, nilikusamehe."

Na ni kweli alikuwa amemsamehe. Mwaka ule wako watu chamani walionung'unika. Walinung'unika miezi mitatu, kisha makochi yao yakachakaa, wakakumbuka kwamba fundi mzuri ni mmoja. Barnabas hakunung'unika hata siku moja. Alitafuta tu kifungu.

Lakini Peninah ni muuguzi, naye muuguzi akiona kidonda huuliza kimeenea mpaka wapi.

"Katibu, mtu wetu akifariki, chama hufanya nini?"

Barnabas akaangalia viatu vyake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba chama husimama kimya dakika moja, huchanga rambirambi, hunywa chai, na mweka hazina humpelekea mfiwa blanketi.

Mmoja baada ya mwingine wakaanza kukumbuka.

Novemba 2009, ukumbi wa kanisa, Moseley. Barnabas alisimama akatangaza msiba katika safu ya akina mama, akasema familia imeomba tusizungumze mengi. Mugambi ndiyo kwanza alikuwa na wiki moja kwa wazee, kifua mbele, koti jipya. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni, alipewa kazi ya chai. Alisimama dakika nzima kimya, chupa ya chai mkononi, kichwa chini, akimwombea marehemu. Akachanga. Akamimina vikombe arobaini. Jioni alimwambia Peninah kwamba msiba ule ulimgusa, hata hajui kwa nini.

Halafu Jepchirchir, mweka hazina, akaja nyumbani na blanketi la rangi ya maziwa. Akamshika Peninah mkono kwa muda mrefu, akasema pole sana mama, Mungu atakutia nguvu. Wiki hiyo boila yao ya kupasha nyumba joto ilikuwa imekufa na nyumba ilikuwa baridi kama friji. Peninah alishukuru, akawaza kwamba chama kweli kinajua kufaana.

"Hilo blanketi," akasema Peninah polepole, "ndilo liko kitandani."

"Ni zuri sana," akasema Mugambi. "Nimelalia matanga yangu miaka kumi na sita."

Peninah ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kifua, Mugambi akamwambia aache, naye akajaribu kuacha na kicheko kikazidi. Kisha midomo yake ikapauka. Mugambi akapiga magoti mbele ya kochi, akamshika mikono yote miwili, wakahesabu pumzi pamoja kama daktari alivyowafundisha. Walipofika ishirini rangi ilirudi. Hakuna aliyecheka tena, na Barnabas alikwenda jikoni kulia peke yake.

Saa nane mchana walikuwa Edgbaston, mbele ya meza ya Cheryl.

Cheryl ni mama wa Kibirmingham, ana sweta la vifungo, kikombe kikubwa cha chai na sauti ya upole. Mambo ya pensheni ya Thornycombe yote yako mikononi mwake. Aliangalia kompyuta, akamwangalia Mugambi, akaangalia tena kompyuta. Akauliza kama huyu ndiye marehemu.

"Ndiye," akasema Mugambi.

Cheryl akaanza kutoa pole, ikamkwama katikati. Akafuta miwani. Akasema jambo lenyewe ni dogo: chama kilete barua yenye sahihi ya katibu na mweka hazina kwamba kifo hicho kilikuwa kosa la uandishi, na mwenzi yu hai. Ikifika Jumatatu, kabla ya Alhamisi kila kitu kitakuwa kimekaa sawa. Peninah akavuta pumzi ndefu. Mugambi akachukua kofia yake.

"Bado kisanduku kimoja," akasema Cheryl.

Nanyi wasomaji wangu mmeshanizoea. Mnajua kisanduku kimoja kinaweza kufanya nini.

Cheryl aliwageuzia kompyuta waone. Palikuwa na swali: mwenzi ni mwanamume au mwanamke? Akaeleza, huku akiona haya, kwamba mfuko una kanuni ya kale. Zamani walioanzisha waliamini kwamba mwanamume ana kazi yake, akifiwa atajitegemea. Kwa hiyo mwenzi mwanamke huhesabiwa miaka yote ambayo marehemu alifanya kazi. Mwenzi mwanamume huhesabiwa kuanzia 2005 tu. Baadaye wanawake wanaoishi na wanawake walidai wapewe sawa na wajane wengine wa kike, wakapewa. Wanaume hakuna aliyewakumbuka.

Peninah alianza Thornycombe mwaka 1993.

"Miaka kumi na miwili yangu inakwenda wapi?" akauliza.

Cheryl akasema haiendi popote, inakaa hapo hapo kwenye mfuko. Akasema anajua huo ni ubaguzi wa jinsia, na amewaandikia wadhamini mara tatu, na mara tatu wamemjibu kwamba suala linafikiriwa. Peninah anaweza kulalamika rasmi. Malalamiko huchukua miezi minane.

Kisha akashusha sauti. Alisema pasipoti ya Mugambi inasema mwanamume, lakini cheti cha kuzaliwa bado kinasema mwanamke. Karatasi hizo zinamruhusu kutia alama popote, ilimradi ilingane na barua ya chama. Barua ikisema aliye hai ni Mugambi, ni mwanamume, tunaanza 2005. Barua ikisema aliye hai ni yule wa mstari wa tisa, ni mwanamke, miaka yote.

Msomaji, umeona mambo hayo? Marehemu ambaye hakuwahi kufa alikuwa na thamani kuliko mwanamume aliyekaa pale, mzima, kofia mkononi.

Wakatembea mpaka kituo cha tramu.

"Waandike mwanamke," akasema Mugambi. "Ni alama moja tu, Sista. Naitia, naondoka, naenda kushona kochi."

Anamwita Sista kama wagonjwa wanavyomwita. Ndilo jina lake la mapenzi, na pia la kumbembeleza.

"Alama kama hiyo ilikuliza miaka mingapi?"

Mugambi akaanza kuizungusha kofia mikononi.

"Mimi nilikukuta umejificha ndani ya jina la mtu mwingine," akasema Peninah. "Siwezi kufa nikikurudisha humo."

"Na mimi sitaki uingie theatre ya upasuaji ukihesabu mortgage ya nyumba."

"Nitahesabu ninachotaka. Kichwa ni changu. Barua itasema Mugambi."

Tramu ikaja. Wakapanda wakikubaliana kwamba barua itasema Mugambi, na fundi wetu akawa anaangalia dirishani kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa. Peninah alikuwa ameshinda. Lakini katika nyumba ya watu wawili wanaopendana, anayeshinda kituoni huenda akaja kushindwa jikoni.

Jumapili baada ya ibada, chama kikakutana kwa dharura katika ukumbi ule ule wa Moseley. Ajenda ilikuwa moja, kumfufua Mugambi.

Katiba haikuwa na kifungu cha kufufuka. Mzee mmoja akasema kwa Mkristo neno hilo ni zito, tusilichezee. Mwingine akauliza kama mtu aliyefufuka anadaiwa ada za miaka aliyokuwa amekufa. Barnabas akasema ada zote amezilipa kama Mugambi, kwa hiyo chama hakikuwahi kupoteza, kilimzika huku kikila ada zake. Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Ndipo akasimama Jepchirchir. Mama huyu ni mweka hazina tangu chama kizaliwe. Hana utani, na hasaini kitu asichokielewa.

"Kitabu kilisema kifo, mimi nikatoa blanketi," akasema. "Sasa kitabu kinasema hakuna kifo. Basi blanketi la chama liko wapi?"

Vichwa vikamgeukia Peninah. Bila sahihi yake hakuna barua, na kila mtu alilijua hilo.

Peninah alikuwa amekuja nalo. Akatoa kwenye mkoba blanketi la rangi ya maziwa, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa pembe kwa pembe kama shuka la hospitali. Akalipeleka mbele kwa mikono miwili. Jepchirchir akalipokea, akalikunjua, akaona mahali palipochakaa katikati na mahali Mugambi alipoliziba kwa uzi wa makochi.

"Operation ni lini?" akauliza.

"Alhamisi."

Jepchirchir akazunguka meza, akamfunika Peninah blanketi mabegani, akamfungia kifuani kama anavyofungiwa mtoto. Akasema chama hakichukui blanketi kwa mgonjwa. Kisha akageuka kwa Barnabas, akamwambia kwa ukali aandike hiyo barua upesi, watu wana njaa.

Kura zote zilikuwa za ndiyo. Katiba ikaongezwa njia ya nne ya kutoka kwenye safu, kuhamia safu nyingine, na Barnabas akaona aibu kwamba jambo jepesi hivyo lilimshinda miaka kumi na sita. Akaisoma barua kwa sauti: kwamba Mugambi, mume wa Peninah, yu hai, mzima wa afya, na anajulikana kwa wote. Wazee wakampiga Mugambi mgongoni. Alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo, mume wa Peninah, yakisomwa mbele ya watu kutoka kwenye karatasi yenye mhuri. Aliomba barua isomwe tena, ikasomwa.

Baada ya chakula Peninah alichelewa kidogo jikoni na Barnabas na Jepchirchir, wakiosha vikombe. Mimi sikulitilia maanani, nanyi msilitilie.

Jumatatu asubuhi Mugambi aliipeleka barua Edgbaston mwenyewe, na tai shingoni. Cheryl hakuwepo siku hiyo. Akaitumbukiza kwenye sanduku la ofisi, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Mchana alikuwa anaingiza karakanani kochi la mteja, lile la watu watatu, peke yake kama kawaida yake. Mgongo ukamkamata mlangoni. Peninah alimwona kupitia dirisha la jikoni: mwanamume wa miaka hamsini na tisa ameketi chini kwenye saruji, kochi limemwegemea, anajaribu kuinuka bila kuita mtu. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alifaulu, akajipangusa, akaangalia dirishani kuona kama ameonekana. Peninah alikuwa ameshainama chini ya sinki.

Dakika kumi baadaye Peninah alitoka, akasema anakwenda kununua maziwa. Maziwa yalimchukua saa mbili, na aliporudi hakuwa nayo.

Jumanne asubuhi, saa tatu. Chapati ziko mezani, chai iko mezani, siku mbili zimebaki. Simu ikaita, na Peninah akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

Alikuwa Cheryl. Sauti yake ilikuwa na upole ule ule, ila ya taratibu zaidi, kama mtu anayetembea juu ya barafu. Alisema ameshaipata barua ya chama. Mugambi akatabasamu. Cheryl akasema ameshaipata pia ile barua ya pili.

"Barua ya pili ipi?" akauliza Mugambi.

Peninah akawa anakanda unga ambao ulishakandwa.

Cheryl akaeleza. Barua ya kwanza inasema mwenzi wa Peninah ni mwanamume, yu hai. Ya pili inasema mwenzi wa Peninah ni mwanamke wa mstari wa tisa, yu hai. Chama ni kimoja, mhuri ni mmoja, wino ni wa kijani, sahihi ni zile zile. Wasomaji wangu, sasa mmejua Jumapili jikoni kulioshwa nini, na maziwa ya Jumatatu yalikwenda wapi. Kompyuta imesoma kwamba Peninah ana mume na mke. Na kanuni inasema wenzi wakiwa wawili, hakuna anayeandikwa hata mmoja mpaka mkaguzi afike nyumbani ajionee. Cheryl, kwa kuijua Alhamisi, ameomba mkaguzi afike leo hii. Anataka kuwaona wote wawili, mume na mke, chumba kimoja, kwa wakati mmoja.

Mugambi aliiweka chapati chini. Safari hii hakungoja kumaliza kutafuna.

"Ulinirudisha," akasema.

"Nilikuona na lile kochi."

"Ulisema huwezi kufa ukinirudisha humo."

"Nilisema nikiwa na hasira." Peninah alikuwa analia sasa, unga mpaka viwikoni. "Mara nne, Mugambi. Ulijaribu kuinuka mara nne. Mimi nikiwa sipo, nani atahesabu?"

Mugambi alikasirika, na bado alimpenda. Aliokota kitambaa, akaanza kumpangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja.

Kengele ya mlango ikalia.

"Naenda kufungua," akasema. "Huyo mtu ataniuliza mimi ni nani, na nitasema jina moja tu. Lichague wewe. Lichague sasa, Cheryl anasikia."

Cheryl hakuikata simu. Sauti yake ya kupumua ilisikika jikoni. Kengele ikalia mara ya pili.

Mnakumbuka nilivyowaambia pale mwanzo kuhusu jina nisilolitaja. Kama Peninah angelitaja hilo, ningeacha hapa nafasi tupu, na mama wa Coventry angekula samosa zake mwenyewe.

"Mugambi," akasema Peninah. "Ni Mugambi. Mume wangu. Andika 2005, Cheryl, tutakonda."

Mugambi akamshika kichwa kwa mikono yenye unga, akambusu kwenye paji la uso. Na kwenye simu Cheryl akapenga kamasi, akasema asante, kisha akakohoa. Akasema limebaki jambo moja, na anaomba lijibiwe kwa uangalifu mkubwa. Ile barua ya pili, aliyeiomba ni nani, na aliyeiandika ni nani? Kwa sababu kuupelekea mfuko barua ya uongo kunafuta pensheni yote. Si ya Mugambi peke yake. Na ya Peninah pia, miaka yote thelathini na miwili.

Kengele ikalia mara ya tatu. Wakageuka wote wawili kuutazama mlango. Kupitia kioo waliiona kofia ya mkaguzi, na pembeni yake kofia nyingine wanayoifahamu vizuri. Barnabas alikuwa amekutana naye barabarani, daftari kwapani, kalamu ya kijani mkononi, na tayari alikuwa ameshaanza kumweleza kila kitu. Na Barnabas, tunavyomjua, hawezi kuiona nafasi tupu kwenye fomu ya mtu bila kuijaza.